Meno ya Baba Careen

Kajetani aliungua fizi siku ya Jumatano, na wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi.

Mtu mwingine angeungua fizi akanywa uji wa vuguvugu wiki mbili, akapona, habari ikaishia hapo. Kwa Kajetani haikuwezekana. Wakwe kutoka Mpitimbi walikuwa wanaleta mahari ya binti yake, na katika koo hizo mbili, siku ya mahari baba wa binti ndiye anayekunywa komoni kwanza mbele ya wageni. Anakunywa kata nzima, kile kibuyu cha kuchotea pombe, kisha anaigeuza juu chini ili kila mtu aone haina kitu. Hapo ndipo wageni nao wanakunywa. Baba asipokunywa, wageni hawagusi, na wageni wasipogusa, mahari haitoki kwenye mfuko. Watu wa koo hizo wanasali kila Jumapili na wengine wanaimba kwaya, lakini jambo la kata hakuna padri aliyewahi kuwauliza.

Komoni ni pombe chachu. Ya Lukresia, mke wa Kajetani, ilikuwa na sifa ya kuuma ulimi hata wa mtu mzima asiye na kidonda.

Maneno yaliyomfikisha huko aliyasikia Jumapili baada ya misa, akiwa nyuma ya nyumba yao Bombambili anakaza spoku za baiskeli ya mteja. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Ndani, Careen alikuwa anamweleza mama yake habari za mpiga picha. Careen anauza simu katika duka moja mjini, na picha za siku ya mahari zilikuwa zinasubiriwa na wenzake wote wa kazini.

Alisema mpiga picha ameshalipwa nusu. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba siku wakwe walipoleta barua ya posa, shangazi wa mchumba wake Valence, yule Emerensiana, aliwaambia wenzake njiani kwamba mdomo wa mkwe wao ukifunguka ni kama kuchungulia bani la kukaushia tumbaku kule Namtumbo. Wakacheka mpaka kwenye gari. Valence mwenyewe ndiye aliyemsimulia Careen, huku akicheka.

"Mama, mwambie baba asicheke kwenye picha," alisema. "Au akae pembeni."

"Mwambie mwenyewe."

"Siwezi."

"Basi na mimi siwezi. Nimeishi na hayo meno miaka ishirini na sita, sijamwambia kitu. Nianze leo?"

Kajetani aliendelea kukaza spoku ile ile mpaka ikakatika.

Maneno ya Emerensiana hayakuwa uongo. Kajetani alianza kuvuta akiwa kijana, akilisha kuni mabani ya watu Namtumbo, na hajaacha. Meno yake yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi iliyolala, na kwenye mizizi yalikuwa meusi kabisa. Jino moja la mbele, la juu, lilikuwa la bandia. Fremu ya baiskeli ilimpiga mdomoni zamani, na aliyemtengenezea hilo jino alichagua la njano makusudi ili lisitofautiane na mengine. Kazi ilikuwa nzuri. Watu wengi hawakujua kama ni la bandia.

*

Jumatatu aliswaki kwa mkaa uliosagwa, akasukutua, akaswaki tena, akavaa shati la kanisani, akaenda kwenye kliniki ya meno iliyo mjini. Alilipa elfu kumi ya kumwona daktari. Msichana wa mapokezi alimuuliza shida yake kwa sauti ya kawaida ya watu wa mapokezi, ambayo husikika mpaka barabarani. Kajetani akasema atamweleza daktari mwenyewe.

Daktari alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jina lake Lidwina. Alimwamkia shikamoo baba, akamlaza kwenye kiti, akawasha taa. Mlango haukufungwa kwa sababu feni ilikuwa imeharibika. Nje ya mlango, kwenye benchi, walikaa watu watatu wakisubiri zamu.

"Unaumwa wapi, baba?"

Kajetani alisema haumwi. Alisema amesikia meno yanaweza kufanywa meupe.

"Unataka kung'arisha meno?"

Aliuliza hivyo bila dhihaka yoyote, ila aliuliza kwa nguvu kwa sababu mashine ilikuwa inanguruma. Kwenye benchi mtu mmoja alikohoa. Kajetani alisikia kikohozi hicho na akajua si cha kifua.

Lidwina alipitisha kioo kidogo jino kwa jino. Alimwambia kwamba ana ugaga mwingi, ule uchafu ulioganda ukawa kama jiwe, na kwamba fizi zimevimba chini yake. Meno mawili ya chini ya mbele aliyatikisa kwa ncha ya chombo, yakacheza. Akamwambia kazi ya kwanza ni kukwangua ugaga wote, kisha kungoja wiki tatu au nne fizi zikaze. Kung'arisha kungefuata baadaye, kama fizi zingekubali. Dawa yenyewe ni kali. Kwanza fizi zinafunikwa na kitu kinachoganda, midomo inakingwa, halafu dawa inapakwa kwenye meno tu, kwa muda unaopimwa, na mgonjwa anaangaliwa hatua kwa hatua. Au anatengenezewa kifuniko cha meno kinachomtosha yeye peke yake, anakwenda nacho nyumbani na dawa isiyo kali, anavaa kila siku wiki mbili. Njia zote mbili hufanya kazi. Meno yanaweza kuuma kwa ubaridi siku chache, kisha yanatulia.

"Na ile taa ya buluu?" Kajetani aliuliza. Alikuwa ameiona kwenye simu ya Careen.

"Taa haina kazi kubwa, baba. Kinachofanya kazi ni dawa. Taa watu wanaipenda tu."

Kisha akamwambia mambo mawili ambayo Kajetani hakuyapenda. La kwanza, jino la bandia halibadiliki rangi kwa dawa yoyote. Mengine yakiwa meupe, hilo litabaki njano peke yake katikati ya mdomo, mpaka atengenezewe jipya. La pili lilikuwa bei. Kukwangua elfu sitini. Kung'arisha laki tatu. Jino jipya laki na nusu.

"Sherehe ni lini?" aliuliza Lidwina, maana wote wanaokuja kwa shida hiyo huwa na sherehe.

"Jumamosi hii."

"Basi sherehe itakukuta na meno yako, baba. Tuanze na ugaga. Hata huo ukitoka utaona tofauti."

Kajetani alisema atarudi. Alipotoka, wale watatu wa kwenye benchi walimtazama mdomoni, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alikuwa mteja wake, mtu ambaye Kajetani alimzibia pancha wiki iliyopita.

"Mzee Kajetani," alisema mteja huyo, "unaoa tena?"

Kama mlango ungekuwa umefungwa, labda angerudi.

*

Nyumbani kulikuwa na laki moja na elfu ishirini ya karamu, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Lukresia alikuwa ameipanga yote: mchele, mafuta, samaki aina ya mbasa wa kukaanga, kreti tatu za soda. Jumatano mchana Kajetani alitoa elfu thelathini na tano kwenye kopo hilo. Alijiambia ni ya soda, na soda si chakula.

Saluni aliyokwenda ilikuwa ya kijana anayeitwa Raphael, karibu na stendi ya bodaboda. Mbele ananyoa, nyuma ya pazia ana kiti cha plastiki na taa ya buluu. Ukutani ameandika: Meno Meupe Dakika Ishirini. Raphael hakuwa tapeli. Dawa aliinunua kwa fedha yake kutoka Dar es Salaam, namna ya kuitumia aliiona kwenye video, na wasichana kadhaa wa chuo walitoka kwake wakiwa wamefurahi. Maandishi ya kwenye chupa yalikuwa ya Kichina. Hakujua ukali wake, na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza.

Alimpaka Kajetani mafuta ya mgando kwenye midomo, akaweka pamba kati ya shavu na fizi, akampaka dawa. Akawasha taa.

Baada ya dakika ishirini alifuta, akampa kioo. Meno yalikuwa yamepungua rangi kidogo, kama chai iliyoongezwa maziwa kijiko kimoja.

"Kwa meno yako, mzee wangu, hapo ndipo mwisho," alisema Raphael. "Ukitaka zaidi, uje wiki ijayo."

Sasa hapa ndipo Kajetani alipokosea, na alikosea kama fundi. Maisha yake yote ameondoa kutu. Mnyororo wenye kutu anauloweka kwenye mafuta ya taa. Ukitoka bado una kutu, anaurudisha, na ukiendelea kukataa anaulaza mpaka kesho. Hakuwahi kuona mnyororo ulioharibika kwa kulowekwa sana. Kutu ikikataa, maana yake hujangoja vya kutosha.

"Rudisha," alisema. "Na usitoe mpaka nikuambie."

Raphael alikataa mara moja, kwa adabu. Kajetani akamwambia kwamba alikuwa anafanya kazi ya ufundi kabla baba yake Raphael hajabalehe. Kijana akapaka tena, nyingi zaidi. Akatoka mbele kumnyoa mtoto. Pamba ililowa dawa ikalala juu ya fizi. Ilianza kuwasha, kisha kuchoma, na Kajetani alikamata mikono ya kiti akavumilia, kwa sababu alichukulia kwamba kuchoma ndiko kufanya kazi. Alikaa hivyo zaidi ya saa nzima.

Raphael alipoitoa pamba, ufizi ulikuwa mweupe kama nyama iliyochemshwa. Alimwambia asukutue kwa maji mara nyingi, na Kajetani alipompa fedha, alisita kabla ya kupokea. Akapokea.

Meno, kwa kweli, yalikuwa meupe. Meupe kama chokaa, yenye mabaka. Na katikati yao, juu, lilikaa lile jino moja la njano.

*

Usiku ule ngozi ya fizi ilianza kubanduka. Alhamisi hakula. Alimwambia Lukresia ana jino linalomsumbua, akafunga mdomo, akaenda kwenye baiskeli zake. Hata hewa ilikuwa inamwingia kwenye meno kama sindano. Mteja akimsalimia, aliitika kwa kichwa.

Ijumaa Lukresia alifungua kopo akahesabu, akahesabu tena. Alimfuata mumewe nyuma ya nyumba.

"Baba Careen, elfu thelathini na tano iko wapi?"

Hakujibu. Lukresia alidhani ni kiburi, akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto anayetafuna asichotakiwa. Kajetani akafungua mdomo. Mkewe alitazama muda mrefu. Alitazama ule weupe, akatazama lile jino la njano, akatazama fizi.

"Nani alikutuma?"

"Dirisha lilikuwa wazi," alisema Kajetani. Maneno yalitoka yamevimba.

Lukresia aliketi juu ya tairi. Hakugombana naye. Alichemsha maji, akatia chumvi, akayapoza, akampa asukutue, na alipoyatema yalikuwa na rangi. Akasema waahirishe. Kajetani akauliza waahirishe kwa kusema nini. Lukresia akasema basi kaka yake Kajetani anywe kata badala yake. Wote wawili walijua hilo halifai: mtu mwingine hunywa pale tu baba anapokuwa amekufa au ana ugonjwa, na ukisema ugonjwa, wakwe watauliza ni upi. Ukoo wa Mpitimbi ulishazika watu wawili kwa kifua kikuu. Hawaoi penye ugonjwa wasioujua.

"Nitakunywa," alisema Kajetani. "Ni kata moja. Nimewahi kunywa ndoo."

Careen hawakumwambia. Alikuwa mjini kusukwa nywele.

Soda zilinunuliwa kreti moja.

*

Wakwe walifika saa tano asubuhi, watu tisa kwenye Noah mbili. Msemaji wao alikuwa Mzee Gaudensi, baba mdogo wa Valence, mkulima wa mahindi mwenye suti ya kahawia na viatu vilivyopakwa rangi mpaka kwenye soli. Mfuko wa mahari aliubeba mwenyewe. Nyuma yake aliingia Emerensiana, kanga mbili, macho yakizunguka sebuleni kuhesabu viti.

Walisalimiana. Shikamoo zilipita kwa zamu, na Kajetani aliitikia marahaba kwa mdomo uliofunguka nusu. Watoto walipewa soda. Iliisha kabla ya kuwafikia wote, na mtoto mmoja wa wakwe akapewa maji. Emerensiana alimwambia mtoto kwa upole, huku akihakikisha anasikika, kwamba maji ni mazuri, hata soda ina maji ndani yake.

Mpiga picha alisimama kwenye kona. Careen aliingia na kitenge kipya, akapiga magoti mbele ya wazee. Alikuwa mzuri. Alimtazama baba yake mara moja, akaona kitu cheupe mdomoni mwake, akakunja uso bila kuelewa.

Lukresia alileta mtungi, akachota, akampa mumewe kata kwa mikono miwili. Komoni ilikuwa imeiva kupita siku zote. Alikuwa ametamani kuipunguza ukali kwa maji, akaogopa wakwe watajua.

Kajetani alisimama. Alisema maneno yanayosemwa, machache kuliko kawaida, kwamba nyumba hii ni safi na pombe hii ni safi. Akaweka kata mdomoni.

Funda la kwanza lilipita. La pili lilipogusa meno ya chini, mwili wote ulishtuka kama wa mtu aliyekanyaga msumari. Hakuishusha kata. Machozi yalimtoka, akaendelea kumeza. Watu walianza kutazamana. Makapi ya ulezi yalikuwa yanasugua pale ngozi ilipobanduka. Alifika nusu, akakohoa, na kilichokuwa mdomoni kikarudi kwenye kata.

Alipaswa kuigeuza. Hakuigeuza. Gaudensi alinyoosha mkono taratibu, akaipokea, akachungulia ndani. Kisha akamwonyesha dada yake Emerensiana. Juu ya komoni ile ya kahawia kulikuwa na damu, imejivuta kama uzi.

"Mkwe," alisema Gaudensi, "hii ni damu."

Mpiga picha alishusha kamera.

"Unakohoa tangu lini?"

"Sikohoi."

"Nimekuona ukikohoa sasa hivi. Unavuta. Unatoa damu. Mimi nimewazika kaka zangu wawili, najua damu ya kifua." Aliiweka kata chini, mbali na miguu yake. "Ulikuwa unatupa tunywe."

Mwanamke mmoja wa upande wao alimvuta mtoto wake karibu. Valence alikuwa ameinama. Lukresia alifungua mdomo ili aseme, lakini katika mkutano ule haikuwa zamu yake, na Kajetani alimzuia kwa mkono.

Alikuwa na njia mbili. Angenyamaza, wangeondoka wakiamini ana kifua kikuu, na binti yake asingeolewa nao wala na mtu yeyote aliyesikia. Au angesema kweli.

"Si kifua," alisema. "Ni meno. Nilikwenda kuyafanya meupe."

Hakuna aliyeelewa. Gaudensi alimwomba arudie.

"Nilikwenda saluni kung'arisha meno. Dawa iliniunguza fizi. Kijana alitaka kuitoa, mimi nikakataa." Alivuta mdomo wa chini kwa vidole viwili akawaonyesha, akageuka huku na huku kama anayeuza ng'ombe, ili wote tisa waone. Waliona fizi mbichi, na waliona meno ya chokaa na lile moja la njano. "Nilitaka binti yangu asinionee aibu kwenye picha."

Kijana mmoja wa wakwe alianza kucheka, akaona hachekeshi mtu, akaacha.

Careen bado alikuwa amepiga magoti. Aliinamisha kichwa mpaka nywele zilizosukwa zikagusa sakafu.

"Ni mimi," alisema. "Nilisema akae pembeni. Nilimwambia mama kile alichosema shangazi. Habari ya bani."

Gaudensi alimgeukia dada yake. Emerensiana alikuwa anafunga kanga upya, na kanga ilikuwa imefungwa vizuri.

"Yalikuwa maneno ya njiani," alisema bila kumtazama mtu.

Mzee Gaudensi aliweka mikono juu ya magoti. Hakuwa mtu mbaya. Alisema anaamini, ila kuamini kwake hakutoshi kwa watu waliobaki Mpitimbi, na kata yenye damu hainywewi na mahari haitolewi juu yake. Alitaka mambo mawili: karatasi ya hospitali inayosema kifua cha mkwe ni kizima, na komoni nyingine. Siku wakiitwa, watarudi. Alisimama, akachukua mfuko wake. Waliondoka bila kula, na mbasa waliokaangwa asubuhi walipoa kwenye sinia, wamefunikwa vizuri kwa kitambaa.

Careen alibaki kwenye sakafu. Kajetani alitaka kumwambia ainuke, lakini kusema kulikuwa kunauma.

*

Jumatatu alipeleka makohozi hospitali. Majibu yalitoka safi, kama alivyojua, na aliyakunja akayaweka kwenye mfuko wa shati. Kutoka hapo Careen alimpeleka kliniki ya meno. Aliomba ruhusa kazini, akakatwa siku.

Safari hii Lidwina aliinuka akafunga mlango mwenyewe, joto likawabana wote watatu. Alitazama, hakuuliza ni nani aliyefanya hivyo. Alisema fizi za juu zitapona. Meno mawili ya chini, yale yaliyokuwa yanacheza, yalikuwa yameshaingiwa na usaha chini yake. Yalikuwa mabovu tangu mwanzo, alisema, na kuungua kulimaliza kilichobaki. Aliyang'oa siku hiyo hiyo. Akampa dawa, akamwambia arudi kukwanguliwa ugaga baada ya wiki tatu, na asiguse meno kwa kitu kingine chochote zaidi ya mswaki laini. Weupe ule wa chokaa, alisema, ni jino lililokaushwa na kuliwa juu. Sehemu kubwa itarudi kuwa njano, na maumivu ya ubaridi yatakaa miezi.

Kajetani alikuwa na pamba mdomoni. Alisubiri ganzi ipungue, akauliza swali alilokuwa nalo tangu Jumatatu ya kwanza.

"Kama ningefuata njia yako. Yangekuwa meupe kweli?"

Lidwina alivua glavu kabla ya kujibu.

"Yangepungua rangi, baba. Yasingekuwa ya mtoto. Yangekuwa meno safi ya mtu wa miaka hamsini na moja. Hilo la bandia ningekubadilishia lifanane nayo. Ungeacha sigara yangekaa miaka miwili, mitatu. Usingeacha, mwaka usingeisha."

"Inatosha," alisema Kajetani.

Careen aligeukia ukutani. Kulikuwa na picha ya mdomo mkubwa unaocheka, akaisoma yote kana kwamba ilikuwa na maandishi.

*

Wakwe walirudi baada ya mwezi mmoja na nusu. Gaudensi alisoma karatasi ya hospitali, akampa Valence aisome kwa sauti, akaikunja. Kajetani alikunywa kata nzima, akaigeuza juu chini, haikudondosha kitu. Kwenye mahari walikuwa wamepunguza fedha ya ng'ombe mmoja, kwa ajili ya safari mbili na magari mawili. Lukresia aliomba wafikirie upya. Gaudensi akasema wamekwisha kufikiria. Emerensiana hakuja. Alituma kuku.

Wakati wa picha, Kajetani alikwenda mwenyewe kusimama pembeni. Careen alimfuata, akamshika mkono, akamrudisha katikati, kati yake na Lukresia. Mpiga picha, ambaye ni mtu wa kazi yake tu, alisema, "Mzee, cheka kidogo." Careen akamwambia piga hivyo hivyo. Picha hiyo iko sebuleni kwao Bombambili. Kila mtu anacheka isipokuwa mtu mmoja katikati, aliyefunga mdomo kama mlango.

Kwa Raphael zilikwenda elfu thelathini na tano, na hazikurudi. Kliniki ilichukua laki moja na elfu thelathini, na dawa juu yake. Komoni ilipikwa mara mbili na mchele ukanunuliwa mara mbili, na karamu ya kwanza waliila majirani. Siku moja ya mshahara wa Careen ilikatwa. Ng'ombe mmoja hakuja. Meno mawili ya chini yametoka, na pengo lake halijazibwa kwa sababu kuziba ni laki nyingine. Meno yaliyobaki yamerudi rangi ya chai, karibu kabisa na lile la bandia, kwa hiyo yanafanana tena.

Na Kajetani akicheka sasa hufunika mdomo kwa kiganja, hata akiwa peke yake nyuma ya nyumba na baiskeli.